Risala ya klabu ya afya kwa mgeni rasmi, siku ya wazazi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Mgeni rasmi, najua umezoea risala za kuombwa kompyuta na uzio, ya kwetu leo inahusu sweta. Kuna mwenzetu alikua anavaa sweta jua la Februari saa saba mchana, jasho linamtiririka, ukimuuliza anakwambia ana malaria. Siku matroni alipomvua tukaona makovu mkononi ya kujidhuru mwenyewe, mengine ya zamani mengine ya juzijuzi. Akasimamishwa paredi, akaambiwa anaiga mambo ya mitandaoni, nyumbani nako wakasema mapepo, na sisi wenyewe (tukubali tu) tulimcheka.

Baadae klabu ikamwalika nesi, ndio tukasikia kuhusu sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Sio ile huzuni ya kufeli mtihani ikaisha jumatatu. Kwa umri wetu mara nyingi inakuja kama hasira, unagombana na kila mtu, usingizi hupati, hata mpira ulioupenda unaona kero. Nesi akasema wengi wanaojidhuru hawatafuti kufa wala sifa, wanataka yale ya moyoni yatulie, ila nafuu yenyewe haikai, inakuja aibu, aibu inaongeza sonona na mtu anajikuta palepale. Sio kila anayejidhuru ana sonona, lakini hata kama leo hakutaka kufa hatari ya kujiua huko mbele inapanda, kwa hiyo jamani tusiite deko.

Shirika la Afya Duniani linasema kijana 1 kati ya 7 wa miaka 10 mpaka 19 ana tatizo la afya ya akili. Darasani kwetu tuko 70, piga hesabu mwenyewe mgeni rasmi.

Changamoto yetu ni kwamba mwalimu wa ushauri nasaha ndio huyohuyo wa nidhamu, ni mtu mzuri ila fimbo ziko nyuma ya mlango wa ofisi yake, sasa nani ataingia pale akunje mikono ya sweta?

Tunaomba mwalimu mwingine wa ushauri apelekwe mafunzo, makovu yasiwe kosa la paredi, na ile stoo ya majembe itolewe majembe iwekwe viti viwili na kitasa. Mwenzetu anaendelea na kliniki, risala hii ameisoma kabla yenu na kaikubali, jina tu ndio kakataa.

Tunaomba kuwasilisha.