YAH: MICHE 12 YA MAWARIDI ILIYONILETEA MNYAUKO BAKTERIA

Mbezi Beach,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi wa tano nilinunua kitaluni kwenu miche 12 ya mawaridi. Wiki ya tatu mmoja ukaanza kulegea mchana na kuchangamka jioni. Haikuchukua siku nyingi, jioni nayo ikawa haina nafuu: majani yakapukutika, shina likawa jeusi kuanzia pale lilipopogolewa. Kijana wenu akaniambia kwa simu ni jua la Dar, niongeze maji. Niliongeza (bili ya maji naijua mimi). Ikafa mitatu. Mkaniuzia dawa ya ukungu, ikafa minne mingine.

Shemeji yangu, bwana shamba mstaafu, hakutumia hata nusu saa. Alikata kipande cha shina karibu na mizizi, akakining'iniza kwenye glasi ya maji safi. Tukakaa kimya tukitazama. Uzi mweupe kama maziwa ukaanza kuteremka kutoka kwenye mkato. "Ukungu hautoi uzi huu," akasema. "Hii ni bakteria." Hakuna dawa ya ukungu inayoiua, na maji mliyoniagiza nimwage ndiyo yaliyoisafirisha.

Mawaridi siyo hata yanayoniuma. Chini yake kulikuwa na tuta la nyanya na bilinganya la mama mkwe wangu. Zimelala zote, zingali kijani. Udongo ule sasa hauna kazi kwa nyanya kwa miaka, na mama hajaniuliza kitu, jambo ambalo ni baya zaidi.

Nilipokuja kulalamika nilimwona fundi wenu akipogoa safu nzima kwa mkasi mmoja bila kuusafisha. Uholanzi ugonjwa huu ulipogunduliwa kwenye mawaridi mwaka 2015, mimea iliteketezwa. Nyie mnaendelea kuuza.

Naomba msimamishe kuuza miche ya kundi lile hadi maabara ithibitishe, maana glasi inaonyesha bakteria lakini haitaji ni ya aina gani. Mtoe taarifa kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na mnirudishie fedha za miche na za dawa.

Miche mitano iliyobaki nimeing'oa na udongo wake, nimeifunga kwenye mifuko miwili miwili. Msipokuja kuchukua sampuli hadi Ijumaa, nitaipeleka mwenyewe, na risiti yenu nitaiambatanisha.

Mteja wenu