Majitaka ya Nicosia hayakugawanywa

Mhariri,

Kila inapotajwa Nicosia, mji mkuu wa Kupro, wengi hudhani uligawanywa mwaka 1974, Uturuki ilipoivamia nchi hiyo. Naomba kusahihisha. Mstari wa kuugawa mji ulichorwa Desemba 1963, miaka mitatu tu baada ya uhuru, Wakupro wa Kigiriki na wa Kituruki walipouana mitaani. Jenerali wa Kiingereza, Peter Young, aliuchora kwenye ramani kwa penseli ya kijani, na hadi leo unaitwa Mstari wa Kijani. Walinda amani wa Umoja wa Mataifa walifika 1964, bado wapo.

Inaniuma kuona mji mkongwe, uliozungushiwa ngome ya Waveneti yenye buruji 11, ukikatwa katikati kwa mapipa, magunia ya mchanga na seng'enge. Mtaa wa Ledra ulifunguliwa mwaka 2008, lakini mpaka uonyeshe kitambulisho ndipo uvuke kwenda upande wa pili wa mtaa huohuo.

Lisilosemwa vya kutosha ni habari ya mabomba. Mwishoni mwa miaka ya 1970, meya wa kusini, upande wa Wakupro wa Kigiriki, Lellos Demetriades, na mwenzake wa kaskazini, upande wa Wakupro wa Kituruki, Mustafa Akıncı, walikubaliana kuwa na mfumo mmoja wa majitaka. Maji machafu ya kusini yakapita chini ya mstari ule, chini ya miguu ya askari, kwenda kusafishwa kaskazini. Wakubwa wao walikuwa hawaelewani hata kidogo.

Mtakapoandika tena habari za Kupro, wapeni nafasi mameya hao wawili.

Msomaji wenu,
Tanga