Operasyo inafanyikaka mbali, lakini kupona ni hapa kwetu nyumbani

Bwana Mhariri, jambo.

Ninaomba nafasi kidogo mu gazeti yenu. Niko muuguzi hapa Bukavu na nataka kusema juu ya wadada trans, wale walipozaliwa waliitwa wavulana lakini wako wanawake, waliofanya operasyo ya kutengeneza uke, ile madaktari wanaitaka vajinoplasti. Wanaendaka kuifanya inchi za mbali, Thailand na kwingine, kisha wanarudi kwa mama zao Kadutu ama Bagira na kidonda bado kibichi, na hapo ndipo kazi yenyewe inaanza.

Watu wanafikiri operasyo ikiisha basi imeisha. Mwili unaona ile nafasi mpya kama kidonda, na kidonda kinatafutaka kujifunga. Ndiyo maana, daktari akishatoa vile vitambaa alivyojaza ndani, kama kisha siku 5 mpaka 7, dada anapewa dilata, vile vijiti vilaini vya plastiki ama silikoni vya saizi mbalimbali, anaanza na kile kidogo. Miezi 3 ya kwanza mara nyingi ni mara tatu kwa siku, dakika 15 ama 20 hivi, kisha inapungua polepole kufuatana na daktari wake alivyopanga, lakini hata miaka ikipita hataacha kabisa. Analala chali, anakunja magoti, anapumua polepole mpaka misuli ya chini ilegee, hasukumi kwa nguvu. Akiruka majuma, inakaza, inakuwa fupi, na wakati mwingine inaomba operasyo ingine.

Sasa fanyeni hesabu: kulala, kuosha, kukausha, kupumzika, kila mara inakula karibu lisaa lizima, mara tatu! Mu nyumba ya vyumba viwili na watu munane, atalala wapi? Niliona mmoja alikuwa anangojea wote walale ndiyo aanze, na tochi ya simu, masikio iko mlangoni, na mwili wenye woga haulegei, maumivu inaongezeka, siku ingine anaacha tu. Wazazi, muko na uchungu na maswali yenu, ninawaelewa, lakini mupeni huyo mtoto mlango wenye kufungika na ufunguo. Hakuna dawa inayopita hiyo.

Na maji. Dilata inaoshwa na sabuni isiyo kali na maji safi kila mara, inakaushwa na kitambaa safi, na hapa kwetu bomba inaweza kukauka siku mbili tatu. Muchemshe, mufunike, muache ipoe. Lakini asiende kuchota yeye! Juma 6 za kwanza hatakiwi kubeba kitu kizito, kilo 5 tayari ni nyingi, na bidon ya litre 20 kwenye milima yetu ni kilo 20 zinazovuta kila ushono. Vilevile asipande pikipiki kwenye zile barabara za mashimo. Choo kigumu pia ni adui, ale papai, sombe (majani ya muhogo), maharagwe, anywe maji ya kutosha, na akijipangusa aanzie mbele kwenda nyuma. Sigara hapana, inachelewesha kidonda.

Kitu kingine kinanikasirisha ni mashauri ya jirani. Mafuta ya nazi, vaselini, majani ya kuchemsha, mvuke, hapana hata moja! Ndani haiwekwi kitu kingine isipokuwa kile daktari alisema, na kwenye dilata ni jeli ya maji tu, ile inauzwa karibu na kondomu.

Majimaji ya njano ama damu kidogo juma za kwanza isiwatie woga, na uvimbe unachukuaka miezi. Tunyama twekundu tunaotoka damu tukiguswa, hiyo kliniki inatibu. Lakini damu ikijaza pedi nzima ndani ya lisaa, homa ikifika 38, mkojo ukikataa kutoka, harufu mbaya pamoja na maumivu inayopanda, ni hospitali siku ileile. Na kama upepo ama choo inapitia ukeni, hiyo ni fistula, tundu kati ya uke na njia ya choo. Bukavu tunajua fistula kuliko miji mingi, dunia nzima ilikuja kusikia kazi ya hospitali yetu ya Panzi wakati Daktari Mukwege alipewa Nobel ya Amani 2018, basi tusijifanye hatujui ni kitu gani eti kwa sababu mgonjwa ni trans.

Wenzangu wauguzi, dada akifika, muulize operasyo ilifanyika lini, anafanya dilata mara ngapi, iko na karatasi ya daktari wake ama hapana. Hayo yanatosha kumtibu. Kuita wenzako wa chumba cha pili waje kuangalia, hapana, hiyo ni kumfukuza, hatarudi hata akiwa na homa.

Na nyinyi wa farmasi, akiomba jeli ya maji mumupe, mupokee pesa, mumurudishie chenji.

Muuguzi, Ibanda, Bukavu