Barua ya wazi kwa Mkuu wa FAA: tusisubiri mtu afe ndipo tusome ripoti

Kwa Mkuu wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani (FAA),
Washington.

YAH: KUCHAPISHWA KWA RIPOTI ZA UCHUNGUZI WA AJALI ZA ROKETI ZA KIBIASHARA

Mheshimiwa,

Nakuandikia nikiwa mtu baki. Si mhandisi, si mwajiriwa wa kampuni yoyote ya roketi, wala si mpiga kura wa nchi yako. Ninachoweza kujitambulisha nacho ni kwamba kwa miaka mingi nimekuwa nikikesha kutazama roketi zikirushwa, na safari zenye watu ndani ndizo zinazonibana kifua kuliko zote.

Tarehe 27 Mei 2020 nilikaa nikiwatazama Doug Hurley na Bob Behnken wakiwa wamefungwa mikanda ndani ya Crew Dragon, chombo cha kampuni ya SpaceX, kule Florida, mafuta yakiingia kwenye matangi, mpaka hali ya hewa ilipokataa zikiwa zimebaki dakika zisizotimia 17. Siku tatu baadaye waliondoka kweli. Ilikuwa imepita karibu miaka tisa tangu Atlantis, chombo cha NASA, shirika la anga za juu la Marekani, itue Julai 2011, na katika muda huo wote hakuna mwanaanga hata mmoja aliyekwenda kwenye obiti kutoka ardhi ya Marekani. Aliyetaka kufika Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu alikwenda Kazakhstan kupanda Soyuz ya Warusi. Siku ya pili, wale wawili walipoingia kituoni, nililia, na sioni haya kuliandika.

Tangu hapo mlango umefunguka. Septemba 2021 raia wanne wa safari ya Inspiration4 walizunguka dunia kwa siku tatu bila mwanaanga wa serikali kati yao. Septemba 2024 chombo cha Polaris Dawn kilipanda hadi kilomita 1,400 hivi, na wawili kati ya waliokuwemo wakajitokeza nje wakiwa na mavazi yaliyobuniwa na kampuni binafsi. Kampuni ya Blue Origin nayo imepandisha abiria hadi ukingoni mwa anga na kuwarudisha ardhini kwa dakika chache tu. Leseni za safari kama hizi hutoka ofisini kwako, na roketi inapoharibika, faili la uchunguzi huishia kwako pia. Ni faili hilo lililonifanya niandike.

Tarehe 12 Septemba 2022 nilikuwa natazama New Shepard, roketi ya Blue Origin, ikipaa kutoka magharibi mwa Texas. Haikuwa na mtu, ilibeba vifaa vya majaribio ya kisayansi. Ilipopita dakika moja hivi, moto wa injini ulibadilika umbo, na kufumba na kufumbua kapsuli, yaani sehemu ya juu wanamokaa abiria, ikajichomoa kwa injini yake ya dharura, ikaiacha roketi nyuma, ikafungua parachuti na kutua salama. Roketi yenyewe ilianguka ikavunjika. Mfumo wa kuokoa watu ulifanya kazi yake barabara, nami nilishangilia peke yangu chumbani. Kisha nikakumbuka kwamba mwezi uliotangulia tu, Agosti, New Shepard ilikuwa imepaa na abiria sita.

Machi 2023 kampuni ilieleza kwamba nozeli ya injini, yaani mdomo unaotoa moto, ilishindwa kuhimili joto lililozidi matarajio, na kwamba joto hilo lilitokana na mabadiliko yaliyofanywa katika namna ya kuipoza. Septemba mwaka huohuo ofisi yako ilifunga uchunguzi na kuitaka kampuni itekeleze marekebisho 21. Tuliambiwa kwamba baadhi yanahusu kusanifu upya sehemu za injini na nozeli, na mengine ni mabadiliko katika uendeshaji wa taasisi. Tukaambiwa pia kwamba ripoti haitatolewa, kwa sababu ina siri za kampuni.

Mheshimiwa, nozeli naielewa. Ilipata joto, ikachoka, ikavunjika. Hayo mengine ndiyo yaliyonishika. Taasisi haibadilishwi bila sababu. Kuna mtu aliyepitisha yale mabadiliko ya upoozaji bila kuulizwa maswali ya kutosha? Kuna mhandisi aliyesema jambo, likaishia kwenye dawati la mtu? Au lilikuwa suala dogo la nani asaini karatasi gani? Wewe unajua. Aliyepanda New Shepard baada ya hapo alitegemea jibu ambalo hakupewa nafasi ya kulisoma.

Nasema hivi kwa sababu ya Columbia, chombo cha NASA. Tarehe 1 Februari 2003 watu saba waliteketea wakirudi nyumbani. Kipande cha povu kisichofika uzito wa kilo moja kilikuwa kimebanduka kwenye tangi la nje wakati wa kupaa na kupasua ukingo wa bawa la kushoto. Wahandisi waliomba bawa lipigwe picha likiwa angani, na ombi likazimwa ngazi za juu. Bodi ya uchunguzi ilipotoa ripoti yake Agosti mwaka huohuo, iliandika waziwazi kwamba utamaduni wa shirika ulichangia ajali ile sawa na lile povu. Ukurasa kwa ukurasa unaona jinsi watu wema, wenye elimu na nia njema, walivyozoea hatari kidogo kidogo mpaka wakaiona kawaida. Laiti ripoti ile ingetoka na sura za povu peke yake, sura za watu zikafungiwa kabatini, wajenzi wa Crew Dragon wangejifunza nini?

Sasa tazama abiria wa leo amelindwa na nini. Sheria ya 2004 ilikukataza kutunga kanuni za usalama kwa ajili ya walio ndani ya chombo, isipokuwa pale penye kifo, jeraha kubwa, au tukio lililokaribia kuleta hayo. Katazo hilo lilikuwa la miaka minane. Limeongezwa, likaongezwa tena, na sasa linafika 1 Januari 2028. Sikulaumu wewe kwa hilo, Bunge ndilo lililokufunga mikono. Mahali pa kanuni pamewekwa ridhaa: mwendeshaji wa roketi anapaswa kumweleza abiria kwa maandishi hatari za safari, ampe rekodi ya usalama ya chombo, na amwambie kinagaubaga kwamba serikali ya Marekani haijathibitisha kuwa chombo hicho ni salama kubeba watu. Abiria anaruhusiwa kuuliza maswali. Kisha anasaini.

Mimi naikubali ridhaa. Mtu mzima ana haki ya kuhatarisha maisha yake kwa jambo analolipenda, na kama ningepata kiti ningesaini kesho asubuhi. Lakini ulinzi wote wa mtu ukiwekwa juu ya kujua kwake, basi ajue kweli. Abiria wa sasa akiuliza kilichotokea mara ya mwisho, anamuuliza muuzaji wa tiketi. Ofisi ya umma iliyosoma faili zima, isiyouza kiti, imekaa kimya.

Na wapo ambao hawakusaini chochote. Tarehe 16 Januari 2025 Starship, roketi kubwa ya majaribio ya SpaceX, ilivunjika ikiwa angani, vipande vikionekana vikiwaka juu ya visiwa vya Turks and Caicos, na ndege za abiria zikalazimika kugeuza njia au kuzunguka zikisubiri. Waliokuwa kwenye ndege hizo walikata tiketi za ndege tu.

Hapa ndipo linaponiuma zaidi. Ripoti kamili husomwa na kila mtu pale mtu anapokufa. Tarehe 31 Oktoba 2014 SpaceShipTwo, chombo cha kampuni binafsi kilichokuwa kikijaribiwa, ilisambaratika juu ya jangwa la Mojave. Michael Alsbury alikufa, mwenzake Peter Siebold akaokolewa na parachuti. Bodi ya Usalama wa Usafiri, NTSB, ilichunguza na mwaka uliofuata ikachapisha kila kitu: kwamba kufuli ya mkia ilifunguliwa mapema mno, na kwamba waliokijenga chombo hawakuwa wamefikiria kuwa kosa moja la binadamu lingeweza kukiangamiza. Haikuiacha hata ofisi yako. Ilisema tathmini mliyoifanya ya maombi ya kibali ilikuwa na kasoro. Nadhani ripoti ile iliwauma, na nadhani iliwafaa. Lakini bei yake ilikuwa uhai wa Alsbury. New Shepard ilitupa somo lake bure, bila tone la damu, nasi tukalifungia.

Usafiri wa ndege ulishalijua hili zamani. Mwaka 1954 ndege mbili za Comet za Uingereza zilivunjika angani, moja Januari na nyingine Aprili. Kule Farnborough, kwenye kituo cha utafiti wa ndege, wachunguzi walikitumbukiza kiwiliwili cha Comet kwenye tangi la maji na kukipandisha na kukishusha shinikizo zaidi ya mara 1,800, mpaka kikachanika. Metali ilikuwa imechoka, na mpasuko ulianzia kwenye kona ya uwazi uliokatwa katika bodi. Uchunguzi ule ulisikilizwa hadharani. De Havilland, kampuni iliyoijenga Comet, iliaibika, na soko la ndege za jeti likachukuliwa na wengine waliosoma aibu hiyo na kujenga ndege imara zaidi. Abiria wa dunia nzima bado wanafaidi.

Hata katika roketi mfano upo. Tarehe 11 Oktoba 2018 Soyuz iliyowabeba Aleksey Ovchinin na Nick Hague iliharibika dakika mbili baada ya kuruka, na kapsuli ikawarudisha ardhini wazima. Kufikia tarehe 1 Novemba Warusi walikuwa wameeleza mbele ya waandishi kwamba pini ya kihisi ilipinda wakati roketi inaunganishwa, na wakaonyesha video ya kamera iliyokuwa kwenye roketi yenyewe. Tarehe 3 Desemba wanaanga watatu walipanda Soyuz nyingine wakijua kilichotokea, nasi tuliokuwa tukiwatazama tulijua pia. Sitaki kuupamba mfumo wa Urusi. Nasema tu kwamba lilifanyika, na kwa wiki tatu.

Najua utaniambia kuhusu siri za biashara, na kuhusu sheria zinazozuia teknolojia ya makombora kuvuka mipaka. Nazichukulia kwa uzito. Siombi michoro ya injini wala vipimo vya mchanganyiko wa metali. NASA imeshaonyesha inavyowezekana. Antares, roketi ya kibiashara ya kubeba mizigo, ilipolipuka Wallops, Virginia, tarehe 28 Oktoba 2014, muhtasari wa timu huru ulitoka mwaka mmoja baadaye. Ulitaja vyanzo vitatu vinavyowezekana vya kuharibika kwa pampu ya injini na kukiri kwamba haukuweza kuchagua kimoja. Hakuna siri iliyovuja. Ila Falcon 9, roketi ya SpaceX, ilipovunjika tarehe 28 Juni 2015, kampuni ilisema kiungo kilichoshikilia chupa ya heli kilikuwa kibovu. Muhtasari wa NASA, uliosema kwamba kuchagua kiungo cha kawaida cha viwandani kwa kazi ile kulikuwa kosa la usanifu, tuliusubiri hadi Machi 2018. Karibu miaka mitatu, na hiyo ndiyo roketi iliyokuwa ikiandaliwa kubeba watu! Kiungo kibovu na chaguo bovu ni mambo mawili tofauti kabisa kwa anayetaka kujua kama litarudi tena.

Kampuni zenyewe, niwe mkweli, mara nyingine husema zaidi ya mnavyosema ninyi. Julai 2024, hatua ya pili ya Falcon 9 ilipovuja oksijeni, SpaceX iliandika ndani ya wiki mbili kwamba mrija mwembamba wa kipima shinikizo ulipata ufa kwa mtikisiko wa injini na kibano kilicholegea. Nilishukuru. Lakini huo ni uungwana wao. Siku ambayo habari itakuwa mbaya kwa mkataba fulani au kwa bei ya hisa, uungwana unaweza kukoma, na hapo hakuna kanuni yako itakayotushika mkono.

Ombi langu ni hili. Kila uchunguzi wa roketi inayobeba watu, au inayoandaliwa kuwabeba, ukifungwa, FAA itoe muhtasari wake yenyewe: kilichovunjika, kwa nini, nani alikuwa na nafasi ya kukiona mapema, na orodha ya marekebisho moja baada ya jingine. Penye siri ya kweli pafutwe kwa wino mweusi, tuone kwamba pamefutwa. Na utoke kabla chombo hicho hakijapandisha mtu tena. Hili halihitaji kungoja 2028, maana halimwambii mtu ajenge roketi yake vipi. Kama wanasheria wako watasema sheria iliyopo hairuhusu, waambie Bunge hivyo kwa barua, nasi tuisome barua hiyo.

Kwa kuanzia, zipo orodha mbili ambazo zimeshakamilika kabatini kwako: ile ya marekebisho 21 ya New Shepard, na ile ya marekebisho 63 mliyoitaka SpaceX itekeleze baada ya safari ya kwanza ya Starship ya Aprili 2023. Naomba hizo kwanza.

Wako,
Mfuatiliaji wa safari za anga za juu