Shukrani kwa mama wa Guangzhou

Aprili 2020, Waafrika wengi tulifukuzwa kwenye vyumba vyetu mjini Guangzhou, China, kwa hofu ya korona. Mwenye nyumba alinitoa usiku, ingawa kodi ilikuwa imelipwa na nilikuwa na cheti kinachoonyesha sina ugonjwa. Hoteli zikanikataa. Xiaobei, mtaa tuliouzoea sisi tunaofuata mizigo ya Kariakoo, ukawa mgeni kwangu.

Mama mmoja wa Kichina, muuza vitambaa ambaye sikuwahi kununua kwake hata mita moja, alinikuta kwenye ngazi za duka lake. Alipanda juu, akarudi na wali wa mayai, barakoa na chupa ya maji ya moto. Akaanza kupiga simu, hoteli moja baada ya nyingine, akiwasomea cheti changu mstari kwa mstari. Askari walipokuja kuniondoa, alisimama kati yetu akazungumza nao kwa utulivu mpaka wakaenda zao. Alfajiri akanipakia kwenye pikipiki yake ya umeme hadi nyumba ya wageni ya ndugu yake, akasaini kuwa mdhamini wangu.

Mama, nimeishi Muscat pia, na huko kama Guangzhou watu walitazama rangi yangu kabla ya salamu. Wewe ulisoma cheti. Mungu akuzidishie.

Ndugu zangu wa Dar, Mchina akipita Kariakoo huwa tunamzomea kwa kuiga lugha yake. Tuache, jamani. Akipotea, mwonyesheni njia. Akilaliwa bei, semeni.