Jina Sykes: kwa nini herufi zilezile hazithibitishi undugu

Wateja wengi hutuletea jina la ukoo peke yake na kuuliza limetoka wapi. Jina peke yake halitoshi, na Sykes linaonyesha sababu vizuri kuliko majina mengi, maana utalikuta Huddersfield, Uingereza, na utalikuta Dar es Salaam.

Uingereza jina hili limetokana na neno la kale la kaskazini, sike au syke: kijito chembamba kwenye ardhi ya majimaji, ambacho mara nyingi ndicho kilikuwa mpaka wa mashamba. Karne za 13 na 14, karani wa kodi akikuta akina John watatu katika kijiji kimoja aliwatofautisha kwa makazi yao. Huyu wa kilimani, huyu wa kijitoni, na wa kijitoni akaandikwa "del Sike". Baadaye "del" ikadondoka, "s" ikaongezeka mwishoni, na herufi i na y zikapokezana kwa karne kadhaa. Ndiyo maana tukipekua daftari tunatafuta Sike, Syke, Sikes na Sykes kwa pamoja. Anayetafuta Sykes tu atadhani ukoo umekatika, kumbe aliyebadilika ni karani.

Kitovu chake ni West Riding ya Yorkshire, mabonde ya Slaithwaite na Huddersfield, nchi ya wafumaji wa sufu. Wengine walivuka milima ya Pennines kwenda Lancashire. Tawi moja lilifanya biashara Leeds na Hull, likatajirika na kuhamia Sledmere. Huko ndiko kwao Sir Mark Sykes, wa mapatano ya mwaka 1916 ya kugawana Mashariki ya Kati. Mji wa Sykesville huko Maryland, Marekani, umepewa jina la James Sykes. Na kima wa Zanzibar na pwani yetu, kwa Kiingereza anaitwa kwa jina la Kanali William Henry Sykes, aliyemwandika kitaalamu mwaka 1831.

Vijito viko kila bonde, kwa hiyo wataalamu wa maandishi walitarajia koo nyingi zisizohusiana. Mwaka 2000 watafiti wa Oxford walipima kromosomu Y, ambayo baba humrithisha mwana, kwa wanaume wenye jina hili. Karibu nusu yao walikuwa na muundo mmoja, wakahitimisha kwamba chanzo huenda ni mtu mmoja. Tunawaomba wateja wasiipite haraka ile nusu nyingine. Mtoto aliyelelewa na baba wa kambo au aliyepewa jina la mama asiyeolewa hulibeba jina bila kubeba kromosomu. Watafiti walikadiria hali hiyo kuwa asilimia 1.3 kwa kila kizazi, na kwa miaka 700 kiasi hicho kidogo kinatosha kuligawa jina. Tena walipima alama nne tu, yaani sehemu nne za kromosomu hiyo zinazolinganishwa kati ya mtu na mtu. Leo usinunue kipimo chenye alama chini ya 37 ukitarajia kujua undugu wa karibu.

Sasa Dar es Salaam. Mwaka 1889 Wajerumani walileta askari kutoka Msumbiji kupigana na Abushiri, na miongoni mwao alikuwamo Sykes Mbuwane, kutoka upande wa Inhambane. Sykes lilikuwa jina lake la kwanza. Mwanawe Kleist, aliyezaliwa 1894, akalichukua kama jina la baba, kwa desturi yetu ileile ya "bin". Kleist Sykes alikuwa katibu mwanzilishi wa African Association mwaka 1929, na wanawe Abdulwahid na Ally wakawa miongoni mwa waasisi wa TANU mwaka 1954. Hapa jina halikuanzia kijitoni, limeanzia kwa babu. Ukoo wa namna hii ukiutafuta kwenye madaftari ya Yorkshire unatupa fedha. Njia yake inapita kwenye nyaraka za Kijerumani na simulizi za familia.

Kwa ukoo wa Kiingereza tunaanzia leo na kurudi nyuma, kamwe si kinyume chake. Vyeti vya serikali vya England na Wales vilianza tarehe 1 Julai 1837, na cheti cha kuzaliwa kinataja jina la mama kabla ya ndoa. Kisha sensa. Ya 1841 inasumbua: umri wa waliozidi miaka 15 kwa kawaida ulishushwa hadi namba inayogawanyika kwa tano, na mahali pa kuzaliwa ni "ndiyo" au "hapana" tu, yaani kama mtu alizaliwa katika kaunti hiyohiyo au la. Kuanzia 1851 parokia inatajwa, na hapo ndipo kazi inapata mwelekeo. Ya 1931 iliungua moto mwaka 1942, usiitafute.

Kabla ya 1837 tunategemea madaftari ya parokia, yaliyoamriwa mwaka 1538. Yanaandika ubatizo, si kuzaliwa. Tena kabla ya 1752 mwaka ulianza tarehe 25 Machi. Ukisoma ndoa ya Juni 1710 na ubatizo wa Februari 1710, mtoto hakuzaliwa kabla ya ndoa. Februari hiyo ni ya 1711 kwa hesabu yetu. Kosa hili limevuruga nasaba nyingi tunazoletewa kusahihisha.

Kuhusu nembo za ukoo zinazouzwa kwenye fremu: Uingereza nembo hupewa mtu na kurithiwa na uzao wake halali. Hakuna nembo ya jina Sykes kwa ujumla.

Unapotuandikia, tuma majina matatu kamili ya babu wa mbali kuliko wote unayemfahamu, pamoja na "bin" au "binti" kama lipo, mahali na mwaka wa kukadiria, dini yake, na picha ya kila cheti pande zote mbili. Usisahihishe tahajia. Iache kama ilivyoandikwa.