Araukaria Iliyolala Haikutoka Kitaluni Kwetu

Mwezi uliopita alikuja dada mmoja wa Goba, kanuna, mti kaupakia nyuma ya bajaji. Kauziwa barabarani kwa elfu 20, akaambiwa ni mche wa Krismasi wa kitalu chetu. Umelala upande kama mlevi aliyeegemea ukuta. Kauwekea kijiti, kaufunga kamba miezi minane, haunyooki.

Hautanyooka. Ile ni araukaria, mti tunaouuza kwa Krismasi, ila hiyo imeoteshwa kwa kuchomeka tawi la pembeni. Tawi hilo likitoa mizizi huendelea kuwa tawi tu, halisimami hata ulibembeleze. Mti wa kusimama hutoka kwenye mbegu au kwenye ncha ya juu, na mti una ncha moja. Ukiichukua, umeuharibu mti mama. Kaka mmoja wa Mikocheni aliikata ili nyota ya Krismasi ikae vizuri. Sasa mti una vichwa vitatu na lawama ananipa mimi.

Hii araukaria hatukuikurupukia. Tulianza na misaiprasi ya kutoka Lushoto, ikawa kahawia vyunguni. Kisha mteja aliyekaa Ujerumani akatuletea mbegu za msonobari wa Nordmann, mti wa milima ya Caucasus. Mbegu zake lazima zilazwe kwenye baridi kwanza, basi zikakaa kwenye friji wiki nyingi, ndani ya mchanga wenye unyevu, jirani na mchicha (mke wangu hajanisamehe). Ikaota miche 11. Joto la Februari likaimaliza yote.

Araukaria asili yake ni kisiwa cha Norfolk, katika Pasifiki. Upepo wa chumvi imeuzoea, ndiyo maana hapa Boko, pwani ya Dar es Salaam, inatamba. Ila haina haraka: kwenye kiriba (kimfuko cha kuoteshea miche), kisha chungu kidogo, kisha kikubwa, mwaka wa tatu ndipo inakufika kiunoni. Miaka yote hiyo inakunywa maji ya boza. Halafu unaniuliza kwa nini elfu 60!

Ukinunua, kwangu au kwingine, uangalie mti kutoka juu. Matawi yazunguke shina kama nyota. Yakiwa pande mbili tu, bapa kama unyoya, hilo ni tawi. Na nyumbani usiuweke mbele ya kiyoyozi. Matawi ya chini yakikauka hayaoti tena.

Dada wa Goba sikumrudishia hela, maana hakunipa mimi. Nilimpunguzia elfu 5 akachukua mwingine. Ule uliolala uko nyuma ya tangi, ukija nitakuonyesha.